Freretown: Mji Uliokuwa na Kengele Yake



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu mtaona hesabu, mtaona picha, mtaona majina ya walioanzisha na ya wale waliotutangulia mbele ya haki. Sisi tulipewa kazi ya kuandika historia. Wako waliodhani tutaandika historia ya kikundi, lakini hiyo mnaijua nyote, maana mmeilipia kwa shilingi zenu. Tumeonelea afadhali tuandike historia ya mahali tunapokaa, kwa sababu watoto wetu wengi hawaijui, na hata sisi wengine tuliozaliwa hapahapa tumeisikia vipandevipande tu, leo kidogo msibani, kesho kidogo harusini.

Hebu angalieni jambo moja. Mtu akivuka Daraja la Nyali kuelekea kisiwani husema, "Naenda mjini." Sote twasema hivyo. Kana kwamba hapa tulipo si mji, ni pembeni ya mji. Na jioni akirudi humwambia makanga, "Kengeleni shukisha," bila kufikiri kwamba ametaja kengele. Kengele ya nani? Ilikuwa ikimlilia nani? Hapo ndipo penye hadithi yetu, kwa sababu mahali hapa palikuwa mji. Palikuwa na kanisa lake, shule yake, walinzi wake, gereza lake na hakimu wake, wakati ambapo Mombasa ilikuwa ng'ambo ya maji, mji mwingine kabisa, na tena mji ambao baadhi ya wakubwa wake walitamani hapa pachomwe moto.

KABLA YA MJI

Upande huu wa bara uliitwa Kisauni, kama unavyoitwa mpaka sasa. Yalikuwa mashamba na vichaka, nazi na mtama, mali ya watu waliokaa kisiwani, na waliolima walikuwa watumwa wao. Wamisheni wa kwanza kufika pwani yetu, Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosine, waliingia Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua akiwa na homa, akafa, na kitoto chake cha kike nacho kikamfuata baada ya siku chache. Wakazikwa upande huu wa bara, karibu na maji. Kaburi liko Nyali hadi leo. Sisi kama akina mama tumeona tulitaje mwanzo, kwa sababu watu huanza hadithi hii kwa mabwana wakubwa na mikataba, na wa kwanza kubaki hapa alikuwa mzazi aliyefia uzazini.

Krapf akaenda zake Rabai mwaka 1846 pamoja na mwenzake Rebmann. Kwa miaka mingi Kisauni ikabaki mashamba tu.

JINSI MJI ULIVYOANZA

Mapema mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwa Sultani Barghash wa Unguja, amtake akomeshe biashara ya watumwa baharini. Frere huyu alikuwa amepata kuwa gavana wa Bombay kule India. Sultani alikataa, Frere akaondoka mikono mitupu. Aliyemaliza kazi ni balozi John Kirk, tena kwa vitisho vya manowari, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Lakini kufunga soko si kufunga biashara. Majahazi yaliendelea kupita usiku, na meli za kivita za Waingereza ziliendelea kuyakamata. Sasa taabu ikawa hii: watu waliokutwa ndani ya majahazi wapelekwe wapi? Huwezi kumrudisha kwao mtoto wa Kiyao aliyetembezwa kutoka upande wa ziwa Nyasa miezi mitatu, hajui hata jina la njia aliyopitia, na akirudi hivyo atakamatwa tena. Zamani walikuwa wakipelekwa mbali, Shelisheli, Adeni, Bombay. Frere akashauri kwamba Misheni ziwapokee hapahapa pwani.

Basi Misheni ya Kanisa la Uingereza, ile iliyojulikana kwa herufi CMS, ikamleta William Salter Price. Price alikuwa amekaa India miaka mingi akiongoza makao ya watoto wa Kiafrika waliookolewa baharini, mahali paitwapo Sharanpur karibu na Nasik. Alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, na mwaka 1875 Misheni ikanunua ardhi Kisauni. Mji ukaitwa Frere Town, kwa jina la yule bwana. Watu wakaunganisha, ikawa Freretown. Mwaka huohuo manowari zikaanza kushusha watu.

Tunaomba msomaji asimame hapo kidogo. Fikiria watu wanashushwa ufukweni, wakonde, wengine wagonjwa, wengi wao watoto, Wayao na Wamakua na Wanyasa, huyu haelewi lugha ya yule, na wanaowapokea ni Wazungu. Mtu aliyekwisha uzwa mara mbili tatu, akiambiwa "sasa uko huru", ataaminije? Kwa lugha gani? Waliowatuliza hawakuwa Wazungu. Walikuwa watu wa Nasik.

WATU WA BOMBAY

Hawa ndio husahauliwa. Miaka kumi na moja kabla Freretown haijawekwa jiwe, mwaka 1864, William Jones na Ishmael Semler walifika Mombasa pamoja na wake zao ili kumsaidia Rebmann. Mwenzao mwingine aliitwa George David. Walikuwa Waafrika, waliotekwa wangali wadogo, wakakombolewa baharini na kulelewa India. Walijua kusoma na kuandika, walijua kazi za mikono, useremala na uhunzi, na walizungumza lugha zaidi ya moja. Watu wa pwani waliwaita Wabombay. Price alipofika hakukuta pori tupu lisilo na Mkristo, kama baadhi ya picha za zamani zinavyotaka tuamini. Alikuta jamii ndogo ya Waafrika waliokuwa wameshika kazi kabla yake, nao ndio waliokuwa walimu, wakalimani, wasimamizi na mafundi wa mji mpya.

Wengine wa kundi hilo mmewasikia bila kujua kuwa ni wa hapa. Jacob Wainwright, aliyechonga maandishi kwenye mti ulipozikwa moyo wa Livingstone na kuusindikiza mwili wake mpaka Uingereza mwaka 1874, alikuwa mwanafunzi wa Nasik. Matthew Wellington, Myao, naye alikuwa katika msafara ule ule uliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani, akazeekea huku Mombasa na kufa mwaka 1935. Mtu aliyetembea na Livingstone alipishana njiani na bibi zetu. Si zamani sana hiyo.

William Jones na Ishmael Semler walifanywa mashemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mwaka huohuo Hannington akaondoka kwenda Buganda na Jones akiwa naye. Askofu akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Ni Jones aliyekuwa na wale waliobaki nyuma, na ni yeye aliyeurudisha msafara mpaka pwani, watu wamechoka na kuugua. Tungependa kuona barabara moja ya mtaa wetu ikiitwa William Jones. Barabara za kupewa majina zipo nyingi, na zingine zina majina ya watu ambao hawakukanyaga hapa.

MJI WENYEWE

Kila mtu mzima alipewa mahali pa kujenga na kipande cha kulima, muhogo na mahindi na viazi, na sehemu ya siku zake alizitumia kwa kazi za Misheni. Nyumba zilipangwa kwa mistari. Kanisa la Emmanuel likajengwa kwa mawe, nalo liko mpaka leo pale Kengeleni. Palikuwa na shule ya wavulana na ya wasichana. Palikuwa na darasa la kuwafundisha makatekista na wachungaji, ambalo mnyororo wake tutaueleza mbele.

Na palikuwa na kengele. Ililia asubuhi watu waende kazini, ililia kwa sala, na wazee wanasema ililia pia usiku walipoonekana watu wanakuja kwa ubaya, ili wanaume wachukue silaha na akina mama wakusanye watoto. Ndiyo hiyo iliyo juu ya nguzo zake kando ya barabara, ambapo sasa matatu zinagombania abiria. Wengi wetu tumenunua mboga chini ya kivuli chake.

Hofu ile haikuwa ya bure. Kisheria hii ilikuwa nchi ya Sultani, na Mombasa ilikuwa na Liwali wake. Lakini ndani ya Freretown neno la Liwali halikuwa na nguvu. Kesi zilikatwa na msimamizi wa Misheni. Watumwa waliokuwa wakilima mashamba ya jirani waliona watu weusi kama wao wakifanya kazi bila bwana, nao wakaanza kutoroka, wengine wakaja hapa, wengi zaidi wakaenda Rabai. Mabwana wao wakawaka. Kama mwaka wa 1880 hivi mambo yalikuwa mabaya kiasi cha watu wa Mombasa kutishia kuvuka maji na kuuvunja mji. Sisi tunaotaniana leo na jirani zetu wa Mji wa Kale, tunaooana nao na kuchangiana mazishi, ni vyema tukumbuke kwamba babu zetu walilala wamekumbatia bunduki kwa sababu ya babu zao. Hatusemi kwa kinyongo. Yametokea.

Tusiifanye Freretown kuwa pepo vilevile. Waliotoka kwenye fimbo ya mwenye shamba wakakuta fimbo nyingine. Wakati wa msimamizi aliyeitwa Streeter watu walipigwa viboko na kufungwa kwa makosa ya namna kwa namna, mpaka habari zikafika kwa balozi kule Unguja na kwa wakubwa wa Misheni London, Streeter akaondolewa na Price akarudishwa kuja kutuliza mambo. Watu wa Bombay hawakunyamaza pia. Walikuwa na elimu, waliona wanalipwa kidogo na kuamrishwa na vijana wa Kizungu waliofika jana, na walisema. Tabia ya watu wa Freretown ya kutokubali kuburuzwa, ambayo kila chifu aliyepata kutawala hapa anaijua, haikuanza leo.

AKINA MAMA WAKO WAPI?

Ukisoma habari za mji huu utakuta askofu, nahodha, balozi, mchungaji. Mwanamke hutajwa kama "mkewe". Jones na Semler walikuja "na wake zao", basi, hadithi inaendelea. Lakini wake zao nao walitekwa, nao walivuka bahari mara mbili, nao walikuwa wamesomeshwa. Unadhani wasichana walioshushwa kutoka majahazini, wasio na mama wala shangazi, walifundishwa na nani namna ya kukaa mahali pageni? Nani aliwaambia wakivunja ungo?

Waliofika wakiwa watu wazima waliozwa upesi. Misheni ilitaka nyumba na familia, haikutaka kundi la watu lisilo na mpango. Basi mwanamke wa Kimakua akajikuta na mume wa Kiyao, hawasikilizani, na nyumba ya kusimamisha. Wakasikilizana kwa Kiswahili. Ndiyo maana hapa, tofauti na majirani zetu wa Kigiriama na Kiduruma, hatuna lugha nyingine ya nyumbani. Kiswahili tulikipata kwa shida, chumbani na jikoni, kabla ya shuleni.

Na walikosa kitu ambacho kila mwanamke wa Kiafrika huwa nacho: ukoo. Hakuna mjomba wa kumkimbilia. Hakuna kaka wa kudai mahari. Mtu akifiwa, nani atapika? Basi walijifanyia ukoo wenyewe. Walioshuka jahazi moja wakawa ndugu. Jirani akawa shangazi. Tunaposema kikundi chetu kina watu wa makabila yote na ya dini zote mbili, na kwamba mwenzetu akifiwa tunakuta sufuria zimekwisha fika kabla ya jamaa zake, hatudai kuwa tumevumbua kitu. Mahali hapa hapangeweza kukaliwa kwa namna nyingine.

KARATASI MBILI

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliingia Mombasa, na mkuu wake hapa alikuwa George Mackenzie. Alikuta ugomvi wa watoro unatokota. Price naye alikuwa amerudi mara ya tatu. Mackenzie akaona dawa ni fedha: watoro waliokuwa kwenye vituo vya Misheni wakahesabiwa, zaidi ya 1,400, mabwana wao wakalipwa, na tarehe 1 Januari 1889 kule Rabai watu hao wakapewa karatasi za uhuru. Ilikuwa siku kubwa. Lakini angalieni fedha zilikwenda kwa nani. Zilikwenda kwa mwenye mtumwa. Aliyelima miaka kumi na tano bila ujira alipewa karatasi. Utumwa wenyewe haukufutwa katika sheria ya pwani yetu mpaka mwaka 1907.

Basi karatasi ya kwanza, ya uhuru, wazee wetu waliipata. Karatasi ya pili ni hati ya ardhi. Hiyo hawakuipata.

Ardhi ya Freretown iliandikwa kwa jina la Misheni. Aliyejenga alijenga kwa ruhusa, aliyelima alilima kwa ruhusa. Wakati ule haikuonekana kuwa ni neno, kwa sababu Misheni ilikuwa ndiyo baba na mama. Ulipoingia utawala wa Mwingereza mwaka 1895, na hasa ilipotoka ile sheria ya hati za ardhi za pwani ya mwaka 1908, kila mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze na madai yake yaandikwe. Wenye karatasi na mawakili walijitokeza. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Mkulima aliyekaa shambani tangu utoto bila karatasi akajikuta ni mpangaji au ni mvamizi, bila kuhama hata hatua moja. Hayo hayakuwa ya Freretown peke yake, ni ya pwani nzima, Wamijikenda na Waswahili wanajua, na ndiyo asili ya neno "maskwota" ambalo tumelisikia kwa kila mwanasiasa tangu Uhuru.

Wakati huohuo mji ulikuwa unapungua nguvu. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Misheni ikaifuata reli. Wazungu vijana na fedha zikaenda bara. Vijana wetu waliosoma nao wakaenda, wakawa makarani, walimu, wakalimani, mafundi, na wengi hawakurudi. Ile shule ya wachungaji iliyoanzia hapa ilihamishwa Limuru mwaka 1930, ikaitwa St. Paul's, na sasa ni chuo kikuu. Mwanafunzi wa Limuru akisoma historia ya chuo chake ataanzia Freretown. Sisi tuliobaki tulibaki na kengele.

Upande wa baharini, Nyali, palikuwa shamba kubwa la katani. Mwaka 1931 kampuni ya wenye Nyali ikatengeneza daraja la kuelea kutoka kisiwani, watu wakaacha kungoja mashua, wakalipa ushuru wa kuvuka. Daraja lile lilitumika mpaka hili la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Daraja likapandisha bei ya ardhi, mipaka ya manispaa nayo ikavuka maji, na Freretown ikawa mtaa. Hakuna siku iliyotangazwa kwamba mji umekufa. Uligeuka tu kuwa kituo cha basi.

Katani ikaondoka, zikaja nyumba za kifahari. Kwa hiyo leo tuna hali hii: upande mmoja wa barabara kuna mageti na mabustani, na upande wa pili kuna mwanamke mwenye nyumba ya vyumba sita, ameijenga kwa mandazi na viazi karai, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba si yake. Nyumba bila ardhi. Wageni kutoka bara hushangaa wakisikia. Kwetu Mombasa ni jambo la kawaida: unakodi kiwanja, unalipa kodi ya ardhi kila mwezi, unajenga, na nyumba unaweza kuiuza au kurithisha. Lakini mwenye ardhi akiuza kwa mwingine, na huyo mwingine akitaka kujenga ghorofa, hapo ndipo utajua kwamba ulikuwa umejenga juu ya mgongo wa mtu. Kuna wenzetu humu wamepatwa na hayo na hatutawataja. Wanajijua, na tulikuwa pamoja nao siku tingatinga lilipokuja.

WALIOKUMBUKA KUANDIKA

Mtu mmoja wa hapa alifanya jambo la maana kuliko wote. James Juma Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliookolewa, aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kikachapwa London mwaka 1934. Kwa Kiswahili. Wakati Waafrika waliokuwa wametoa kitabu chapa wanahesabika kwa vidole, mtoto wa Freretown alikuwa amekwisha andika habari za baba yake na majirani zake. Wako wataalamu waliomlaumu kwamba aliwasifu mno Wazungu na kuwalaumu mno Waarabu, na ukisoma utaona lawama ile ina msingi. Lakini wao wanamlaumu kwa sababu aliandika. Asingeandika, tungekuwa na barua za wamisheni peke yake.

Ukoo huo umetoa wengi. Tom Mbotela aliingia katika siasa na vyama vya wafanyakazi, akawa kiongozi katika KAU, akauawa Nairobi mwaka 1952. Mtaa wa Mbotela kule Nairobi ni jina lake. Na Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, hatuna haja ya kumweleza. Nani katika umri wetu hakusikiliza "Je, Huu ni Uungwana?" redioni siku ya Jumapili, sufuria jikoni? Alifariki mwaka 2025.

Wengine hawakujulikana hivyo. Hata hivyo wamebeba mzigo ambao watu wa makabila makubwa hawaujui. Kwenye fomu ya serikali panapoulizwa kabila, mtu wa ukoo wa Freretown husita. Aandike Myao? Hajawahi kuiona nchi ya Wayao. Mswahili? Mwenye ofisi anakunja uso. "Mmisheni"? Halimo kwenye orodha. Na tulipokuwa wasichana, ugomvi wa kisimani ukizidi, neno la mwisho lilikuwa lile la kukumbushwa babu yako aliletwaje. Afadhali siku hizi kisima hakipo.

MPAKA SASA

Freretown leo ni wadi katika eneo la Nyali, Kaunti ya Mombasa, jirani ya Kongowea na soko lake ambapo nusu ya kikundi chetu kinapata riziki. Wanaokaa hapa wametoka kila upande, Wagiriama, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, Wabajuni, na wazao wa wale wa kwanza wamekuwa wachache kati yao. Hilo halituudhi. Mji huu ulianza kwa watu waliotoka kila upande.

Mnakumbuka tulivyoanza, mchezo wa kupeana zamu kwa zamu, mwenye zamu ananunua magodoro au analipa karo. Ni mwaka wa nne ndipo baadhi ya wanachama walipouliza swali: kwa nini tunanunua vitu vya kuweka ndani ya nyumba ambazo ziko juu ya ardhi ya watu? Pakawa na ubishi mkali, wengine walitoka kikaoni. Mwishowe ukaanzishwa mfuko wa kiwanja. Tangu hapo hakuna mwanachama anayesaidiwa kununua ardhi kabla ya katibu na wawili wengine kwenda ofisi ya ardhi kutafuta hati ni ya nani na kama imewekwa rehani. Na tumejifunza kwamba sheria zinamtaka mume apate ridhaa ya mke kabla ya kuuza au kuweka rehani nyumba wanayokaa. Waume wetu wengine hawakuifurahia siku tuliyomleta wakili kutusomea. Chai walikunywa lakini.

Kwa kumalizia kazi yetu, tuna ombi. Ndani ya makasha ya nyumba za hapa kuna karatasi: vyeti vya ubatizo vya zamani, stakabadhi za kodi ya ardhi, barua za Misheni, picha za harusi zilizopigwa mbele ya Emmanuel. Mvua na mchwa vinazimaliza, na kila mzee akizikwa kasha hufunguliwa na vijana wasiojua wanachokitupa. Mwenye nazo azilete kwa katibu Jumamosi yoyote kabla ya kikao. Zitatolewa nakala, jina la mwenyewe litaandikwa nyuma, na karatasi yenyewe atarudishiwa siku ileile. Stakabadhi za kodi ya ardhi tunazihitaji zaidi, hata ziwe zimechanika.